Nimekausha mpunga kwa kikaushio cha pumba, Kilombero

Kwa wanaouliza kama kikaushio kinalipa: kinalipa ukiuza mchele. Ukiuza mpunga, baki na turubai lako kwanza, sababu nitazieleza.

Nalima mbegu ya mpunga iitwayo SARO 5 bonde la Kilombero, Morogoro, na mavuno ya mapema kwetu hukutana na mkia wa masika. Mpunga uliokatwa kwa wakati wake una unyevu wa asilimia 20 hadi 25, na kinu kinautaka kwenye 14. Ukilundikwa mbichi unapata joto, mchele unageuka njano. Ndiyo maana safari hii nilipeleka magunia kwa kikundi kimoja chenye kikaushio badala ya kuanika barabarani na kugombania lami na bodaboda.

Mtambo wenyewe hautishi. Ni sanduku la matofali, juu yake sakafu ya bati lenye matundu, pembeni tanuri la pumba na feni inayozungushwa na injini ya dizeli. Mpunga unamwagwa juu ya bati kina cha sentimita 30 hivi, hewa ya moto inapanda katikati ya punje. Vikaushio vya namna hii viliendelezwa Chuo Kikuu cha Ufilipino, Los Baños, miaka ya 1970, kisha vikaenea sana kwenye delta ya Mekong huko Vietnam. Pumba ambazo sisi tunazichoma bure nyuma ya vinu, wenzetu ndizo kuni zao.

Kilichonifurahisha ni chenga kupungua. Mpunga wa juani hukauka mchana, usiku ukanyonya umande, punje ikapata ufa usiouona mpaka siku ya kukoboa. Huu ulitoka mrefu, mweupe, bila kokoto hata moja. Mama ntilie ninayemuuzia Ifakara aliniuliza kama nimebadilisha mbegu.

Yapo ya kuudhi. Tabaka la chini hukauka kupita kiasi huku la juu likiwa bado bichi, hivyo lazima mtu apande na koleo ageuze kazi ikiwa katikati. Kijana wa zamu alitaka kuliruka hilo. Nikamwambia, "Mwanangu, geuza, nami nitakusaidia." Tukageuza, jasho likatutoka. Vietnam wameshavuka hapo: Chuo Kikuu cha Nong Lam kimetengeneza aina inayobadilisha mwelekeo wa hewa, mpunga hauguswi. Tukiipata hiyo nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

La pili ni moshi. Tanuri letu linapeleka hewa yake moja kwa moja kwenye punje, na moto ulipokuwa haujatulia mpunga ulinuka. Kwa mchele unaonunuliwa kwa kunukia kwake, hilo si jambo dogo. Mbegu ndiyo usiiweke kabisa kama hakuna kipimajoto, maana joto likizidi nyuzi 43 uotaji unaharibika.

Sasa hesabu. Kilo 100 za mpunga wenye unyevu wa asilimia 22, ukizishusha hadi 14, zinabaki karibu kilo 91. Zilizopungua ni maji matupu, lakini dalali mwenye mzani tu anamlipa jirani yako aliyeuza mbichi maji hayo kwa bei ya mpunga. Wewe uliyekausha vizuri umepunjika, na gharama ya kikaushio umeshalipa. Siwalaumu wanaouza mbichi. Wanaonunua ndio wanaopaswa kubeba kipima unyevu. Mimi nilikoboa, nikauza mchele, na hela ikarudi na faida juu.

Usumbufu mwingine ni foleni. Kitanda cha huku, yaani ile sakafu ya bati, kinabeba tani nne hivi, na hawawashi kikiwa nusu kwa sababu tabaka likiwa jembamba upande mmoja hewa yote inakimbilia huko. Mwenye magunia kumi anasubiri wenzake, na asipokuwa mkali SARO yake inatoka imechanganyika na mbegu nyingine, Supa ya mtu. Sisi tulipanga magunia yaliyojaa kama mpaka. Nendeni majirani mliopanda mbegu moja, bebeni pumba zenu mpunguziwe, na fundi asizime kabla hajapima unyevu mbele yenu, juu na chini ya kitanda.