Tathmini ya Kozi ya Kifaransa ya Kutoka B1 Kwenda B2

Binti yangu wa sekondari, aliyekwisha kupata cheti cha DELF B1 (DELF ni mtihani rasmi wa Kifaransa; B1 ni ngazi ya kati, na B2 ndiyo inayofuata), alisoma kozi ya jioni ya maandalizi ya B2 katika kituo kimoja cha lugha jijini Dar es Salaam. Nguvu kubwa ya kozi hiyo ni uandishi. Katika B1 mwanafunzi hutoa maoni yake kwa maneno yapatayo 160, ilhali B2 humtaka aandike maneno 250 hivi, mara nyingi katika barua rasmi, na kutetea msimamo kwa hoja zinazofuatana. Kwa hiyo mwalimu aliwarudisha tena na tena kwenye viunganishi kama vile "cependant" (hata hivyo) na "bien que" (ingawa), hiki cha pili kikidai kitenzi kinachokifuata kibadilike umbo, kanuni ambayo wengi huikumbuka kwenye zoezi na kuisahau kwenye insha. Kila insha ilisahihishwa kwa kina, kisha ikaandikwa upya.

Usikilizaji, kwa bahati mbaya, haukupewa uzito. Rekodi za darasani zilikuwa za polepole mno, na pengo hilo si dogo, kwani ingawa alama 50 kati ya 100 zinatosha kufaulu, anayepata chini ya 5 kati ya 25 katika stadi yoyote hukosa cheti. Nyumbani tulijazia kwa matangazo ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa.

Ada ni kubwa, lakini kwa mwanafunzi anayeyumba katika kuandika ningeilipa tena. Anayeyumba katika kusikiliza atafute kwingine.