Gesù, Roma: kanisa la kumfuata Xavier kutoka Malindi

Mtu wa Malindi akifika Roma, awe ameitwa na mashemeji au anangoja ndege ya kuunganisha, hupelekwa moja kwa moja Vatikani akapange foleni. Si vibaya. Lakini kanisa lenye hesabu na Malindi liko kwingine, katikati ya mji, na kuingia ni bure: Chiesa del Gesù, kanisa mama la Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, lililojengwa kati ya 1568 na 1584.

Hesabu yenyewe ni hii. Kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti, njia ya kwenda Nguzo ya Vasco da Gama, ndicho kinachohusishwa na Francis Xavier, mmisionari wa Kijesuiti aliyetia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Katika barua yake aliandika kuwa Mwislamu mmoja wa cheo alimlalamikia kuwa mji ulikuwa na misikiti 17 na mitatu tu ndiyo bado ilikuwa na watu. Xavier alifariki 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, pwani ya Uchina. Mwili wake uko Goa. Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko kushuka, ulikatwa 1614 ukapelekwa Roma, nao ndio uliomo Gesù.

Kuuona ni rahisi, na bado wengi wanaupita. Ingia mlango mkubwa, tembea hadi chini ya kuba, geuka kulia. Hapo pana altare ya Xavier, na juu yake picha ya Carlo Maratta inayoonyesha kifo chake. Mkono umo katika chombo cha rangi ya dhahabu chenye kioo, na kioo hicho hurudisha mwanga, kwa hiyo usisimame usawa wake. Sogea pembeni hatua mbili utaona vizuri. Malindi yenyewe haikuandikwa popote hapo. Historia hiyo nenda nayo kichwani.

Kinachowapitisha watu ni dari. Giovanni Battista Gaulli, aliyeitwa Baciccia, aliichora kati ya 1676 na 1679, na watu wake wanaonekana kumwagika nje ya fremu, wengine wakianguka kuelekea kichwani mwako. Ujanja wake hauko katika rangi peke yake. Baadhi ya maumbo yamechorwa juu ya lipu iliyotokezwa nje ya fremu, kisha kivuli chake kikapakwa kwa rangi nyeusi nyepesi juu ya nakshi za dhahabu za dari, ndipo jicho likadhani kuna kitu kinaning'inia. Usivunje shingo: katikati ya kanisa huwekwa kioo kilicholazwa, ukiinama unaona dari nzima. Watu hupanga foleni pale wapige picha, na foleni haiendi kwa sababu kila mmoja anapiga kumi.

Upande wa kushoto, mkabala na Xavier, ni kaburi la Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, kazi ya Andrea Pozzo. Hapa ndipo inafaa kupanga saa. Kila siku saa kumi na moja na nusu jioni muziki unaanza, taa zinazunguka kutoka sanamu hadi sanamu, na mwishowe ile picha kubwa ya altare inashuka chini polepole na nyuma yake inatokea sanamu ya Ignatius. Ni mtambo wa zamani wa Pozzo uliofufuliwa. Maneno yanayosomwa ni ya Kiitaliano, na hapo Kiitaliano cha ufukweni Malindi kinalipa. Fika robo saa mapema, kaa viti vya upande wa kushoto, si vya katikati, maana nguzo zinaziba.

Usidanganyike na mng'aro, ingawa umefanywa kwa ustadi. Sanamu ya kwanza ilikuwa ya fedha. Iliyeyushwa ili kulipa fedha alizodai Napoleon, na unayoiona sasa ni lipu iliyopakwa fedha. Tufe la buluu lililo juu ya altare, ambalo waongozaji wengi wanasema ni jiwe moja la lazuli, jiwe la thamani la buluu, ni chokaa iliyofunikwa kwa vipande vyembamba vya jiwe hilo.

Kosa kubwa la wageni ni kufika adhuhuri. Kanisa hufungwa mchana, takriban saa sita na nusu hadi saa kumi. Asiye Mkristo anaingia bila kuulizwa dini. Misa ikiendelea, kaa nyuma au ngoja nje. Mabega na magoti yafunikwe. Aliyevaa buibui au kanzu hana neno, aliyekuja na kaptura ajifunge leso au kikoi. Kutoka stesheni ya Termini panda basi namba 64, ushuke Largo Argentina. Tiketi inunuliwe kabla, kwenye maduka ya tumbaku yenye herufi T. Basi hilo linajulikana kwa wezi wa mifukoni, pochi na iwe mbele.

Kwa kuwa mchana Gesù imefungwa, nenda Panteoni, hekalu la kale la Warumi, mwendo wa dakika kama nane kwa miguu. Tangu Julai 2023 wanatoza kiingilio, kilianzia yuro 5, na kwa pesa hizo ni bei ya haki. Fundi wa Pwani ataelewa upesi kuliko mtalii yeyote. Nyumba zetu za mawe zina vyumba vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko, kama mita 3. Panteoni ina kuba la mita 43 bila boriti hata moja, na limesimama tangu karne ya 2. Waliunguza chokaa kama sisi, ila wakaichanganya na majivu ya volkano, na kadiri kuba lilivyopanda wakatumia mawe mepesi zaidi. Unene unapungua kutoka mita 6 hivi chini hadi kama mita 1.2 juu. Tundu la katikati liko wazi. Mvua ikinyesha inaingia ndani, na sakafu imeinuliwa kidogo katikati yenye matundu madogo ya kutoa maji. Siku ya mvua marumaru inateleza, ndala si viatu vya hapo. Tangu 609 ni kanisa, kwa hiyo sauti chini.

Na kanisa la Mtakatifu Petro kule Vatikani? Nenda, lakini asubuhi, mlango ukifunguliwa saa moja. Kupanda kubani ni ngazi 551, au 320 ukilipia lifti ya nusu ya kwanza. Njia ya mwisho ni nyembamba na imepinda na ukuta, haimfai mwenye pumu wala mwenye woga wa mahali finyu. Kuingia kanisani ni bure. Kijana mwenye beji shingoni atakayekuuzia tiketi ya "kuruka foleni" pale uwanjani, mtazame vizuri: ni yule yule wa ufukweni Casuarina, ila leo mgeni ni wewe.