Naivasha bila gari: siku mbili za boti, miguu na baiskeli

Nimeishi Nairobi miaka 11, na kila mnyama niliyewahi kumwona porini nilimwonea dirishani mwa gari la watu. Ndiyo maana shule zilipofungwa Agosti nilimchukua mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 14, tukapanda matatu ya alfajiri kwenda Naivasha, kila mtu na begi lake mgongoni. Gari hatuna, na la kukodi lilikuwa nje ya uwezo wangu. Tulilala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni ya kawaida kando ya barabara ya Moi South Lake. Nawaandikia wale wanaotamani kwenda lakini wanadhani bila gari hakuna safari.

Tulianza na ziwa lenyewe. Ufuoni Karagita boti ni nyingi na wanaokuvuta mkono ni wengi zaidi, kwa hiyo ulizia bei mahali pawili patatu kabla hujakubali. Jambo nisilolijua ni kwamba bei ni ya boti nzima kwa saa, si ya kichwa. Tuliungana na mama mmoja na binti zake wawili, tukagawana. Nahodha alitugawia jaketi za kujiokoa kabla hatujalipa hata shilingi, akapita kwa kila mmoja akikagua kamba kama zimefungwa, na hapo hapo moyo wangu ukatulia. "Twende sasa hivi, mama," aliniambia. "Mchana upepo ukiamka, hili ziwa si la mchezo." Wamaasai walishaliona hilo zamani: jina Naivasha limetokana na neno lao Nai'posha, maji yanayochafuka. Saa tatu asubuhi lilikuwa tuli, mawingu yote yakionekana ndani yake.

Kilichonigusa kwanza ni miti. Migunga mikubwa imesimama katikati ya maji, imekufa, myeupe kwa kinyesi cha mnandi waliojenga viota hadi kwenye vitawi vya mwisho. Maji yamepanda sana miaka hii. Mwaka 2020 yaliingia mashambani na majumbani, na watu wa mtaa wa Kihoto wakahama. Nahodha alizima injini tukiwa ndani ya ule msitu mfu. Ukimya ulipokuja ndipo tuliposikia makinda ya ndege yakilia njaa juu yetu, pande zote. "Hapa tulipo palikuwa na njia," alisema akionyesha chini, kwenye maji. "Nilikuwa napita hapa na baiskeli nikienda shule."

"Shangazi, kwani haya maji hayana pa kutokea?" kijana akauliza. Nahodha akamjibu vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mito ya Malewa na Gilgil inaingiza maji, lakini hakuna mto unaoyatoa. Yanapenya ardhini na kuondoka chini kwa chini, na ndiyo maana ziwa hili lina maji baridi ilhali majirani zake, Elementaita na Nakuru, ni ya magadi.

Sehemu moja ya safari ya boti sikuipenda, nami naisema waziwazi. Nahodha alipiga mluzi, akainua samaki mdogo aliyechomekwa kipande cha funjo tumboni ili aelee, akamtupa. Furukombe akatoka mtini, akashuka kucha mbele, akamnyakua hatua chache kutoka kwetu. Ni jambo la kushangaza kuliona. Lakini yule ndege alikuwa ameshaanza kuruka kabla samaki hajagusa maji, na nikaumia kwamba mwindaji hodari kama yule amefundishwa kusikiliza mluzi. Samaki wa pili nilimwomba asimtupe. Hakununa. Baadaye tulimwona furukombe mwingine akiinama juu ya mawindo yake mwenyewe kwenye gugumaji, na mimi huyo ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Boti ilitushusha Crescent Island, na hapo sasa niruhusuni nichukue nafasi. Kisiwa hiki ni ukingo wa kreta ya volkano iliyozama, umepinda kama mwezi mchanga, na ndani ya ule upinde ndiko ziwa lilipo na kina kirefu zaidi. Maji yakishuka sana kisiwa huungana na nchi kavu. Kiingilio chake unalipa peke yake, mbali na boti, na si kidogo. Lipa tu. Simba hakuna, chui hakuna, kwa hiyo unatembea mwenyewe kati ya twiga, pundamilia, nyumbu, kuro na swala, bila ukuta wala kioo.

Sikujua kwamba wanyama wana sauti nyingi za chini hivyo. Tulikaa kwenye nyasi hatua kama 25 kutoka kwa twiga watatu, tukanyamaza. Ulimi mweusi unazunguka kitawi, kichwa kinarudi nyuma, majani yanachanika kwa mfululizo kama mtu anayevuta uzi kwenye kitambaa. Kisha unasikia anavyotafuna. Kisha anapiga pua, na kijana akaruka pale alipokaa. Upepo ulipogeuka ukatuletea harufu ya kuro kabla hatujawaona, harufu nzito ya jasho na mafuta. Walikuwa wamelala nyuma ya kichaka, dume na majike manne, wakitutazama. Mhudumu wa langoni alikuwa ametuagiza tusimkaribie mnyama aliyelala wala kupita kati ya mama na mtoto, na tusikae karibu na maji kwa sababu ya viboko. Tuliyashika. Tulipangiwa boti baada ya saa mbili, tukaomba iongezwe ikawa tatu. Kama ningetakiwa kutoa alama, kisiwa hiki ningekipa zote.

Jioni tulikula samaki wa kukaanga na ugali ufuoni, tukarudi mapema. Viboko hutoka majini kula nyasi giza likiingia, hivyo usitembee kandokando ya ziwa usiku, hata kama wenyeji wengine wanapita.

Siku ya pili ilikuwa ya baiskeli, Hell's Gate. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1984, ina kilomita za mraba 68 hivi, na ni miongoni mwa hifadhi chache za taifa nchini ambako unaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Baiskeli zinakodishwa pale njia panda ya kuelekea Lango la Elsa. Hapa ndipo nilipokosea. Jamaa aliyenikodishia kwa shilingi 600 aliniambia, "Hii iko sawa mama, breki inashika," nami nikabonyeza breki ya mbele mara moja nikaridhika. Ya nyuma sikuigusa.

Tulipita mnara wa Fischer, jiwe la volkano lililosimama peke yake, pimbi wameanika matumbo juani kwenye nyufa zake. Mbele kidogo barabara ya vumbi ikateremka, nikabonyeza breki zote mbili na baiskeli ikaendelea kwenda. Mpira wa breki ya nyuma ulikuwa umeliwa hadi chuma. Ya mbele ilishika mara moja, ikaachia. Kushoto kwangu kulikuwa na nyati. Niliteremsha miguu yote miwili, soli zikasugua changarawe, nikasimama mita kadhaa mbele yake huku nikitetemeka. Alinitazama, akaendelea na nyasi zake. Namshukuru Mungu. Mbele zaidi mnyororo wa baiskeli ya kijana nao ukatoka, akaurudisha kwa kijiti, mikono ikawa myeusi kwa grisi. Yule mkodishaji nilimwambia yote tuliporudi, akanirudishia nusu ya pesa, lakini baiskeli ile aliirudisha kwenye foleni nikiwa nimesimama hapo hapo, na hilo ndilo lililoniudhi. Ningemwomba aitoe kabisa.

Kwa hiyo wewe fanya hivi: panda, zunguka, bonyeza kila breki peke yake ukiwa kwenye mteremko mdogo, geuza baiskeli uangalie mpira wa breki na mnyororo, kisha ndipo ulipe. Omba na helmeti. Wakikunyima, nenda kwa jirani, wapo wengi.

Mbali na hayo, kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia ni furaha ambayo siwezi kuipima. Kundi lilikata barabara mbele yetu, mmoja mmoja, na vumbi lao likatuingia mdomoni. Ngiri walikimbia mikia juu. Kwa mbali mvuke mweupe ulikuwa ukipanda kutoka Olkaria, ambako umeme wa joto la ardhi umezalishwa tangu 1981.

Kwenye korongo jembamba lililo ndani ya hifadhi hatukuingia. Askari wa wanyamapori alitusimamisha, akaonyesha mawingu yaliyokuwa vilimani, mbali, wakati sisi tulipo jua linawaka. Mvua ikinyesha huko juu, maji yote hukusanyika na kupita kwenye ule mlango mwembamba wa mawe kwa dakika chache, na aliye ndani hana pa kupandia. Mwaka 2012 na tena 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu humo. Kijana alisikitika, karibu alie, kwa kuwa alilitaka korongo kuliko kitu kingine. Askari akachuchumaa akamchorea mchangani mkondo wa maji unavyopita. Nilimpenda sana kwa hilo.

Kiingilio cha hifadhi lipia kwa simu kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, usiku wa kuamkia safari, maana langoni mtandao ulituchelewesha karibu saa nzima na jua la asubuhi likapotea. Beba maji lita mbili kwa kila mtu, kofia na leso ya vumbi. Matatu za kurudi mjini hupita barabara ya ziwani mara kwa mara mchana. Jioni hujaa wafanyakazi wa mashamba ya maua, nasi tulisimama hadi ya nne ndiyo ikatuchukua.

Tutarudi Desemba, na safari hiyo tutalala usiku mbili. Mbega wa Elsamere, nyumba ya makumbusho kando ya ziwa, hatukuwahi kuwaona, na kijana bado ana deni lake la korongo.