Kiunganishi cha stoku kwa wakala wa akili mnemba: mashine nzima, maelezo mabovu

Duka ninaloshughulikia mifumo yake liko Kariakoo. Tunauza vifaa vya umeme kwa jumla: waya, soketi, swichi, balbu. Wateja wengi ni mafundi na wenye maduka ya mitaani, na karibu wote wanaagiza kwa WhatsApp. Tuliweka wakala wa akili mnemba awajibu, na ili aione stoku tukanunua kiunganishi cha MCP kwa kampuni moja ya hapa mjini. Jina lao nawahifadhia, maana kazi wanaijua. Kinachowaangusha ni maandishi.

Kwa asiyeifahamu, MCP ni utaratibu ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024 ili modeli za lugha, yaani akili mnemba zinazoendesha wakala kama wetu, ziunganishwe na mifumo ya nje kwa njia moja. Kila zana, yaani kazi moja ambayo modeli inaweza kuuita mfumo uifanye, inajitambulisha kwa jina, maelezo na vigezo (nafasi za kujaza) inavyopokea. Msimbo wenyewe modeli haiuoni. Inasoma hayo maandishi, inaamua iite zana gani na ijaze nini. Ndiyo maana mfumo unaweza kuwa safi kabisa na wakala bado akaboronga.

Na aliboronga kweli. Zana mbili zilikuja na maelezo haya: "Hutoa taarifa za bidhaa" na "Hutoa taarifa za mzigo". Ya kwanza inasoma orodha ya vitu vyote tunavyouza, hata vilivyokwisha. Ya pili inasoma ghala. Fundi anauliza, "Kaka, waya wa mili moja na nusu upo?" Wakala anaita ya kwanza, anaona jina limo, anajibu upo. Mtu anapanda daladala kutoka Mbagala anakuta rafu tupu, na matusi yote yanamshukia dada wa kaunta.

Uzuri ni kwamba kiunganishi kinakuruhusu kubadili maelezo bila kugusa msimbo. Hapo nawapa maksi zote. Ya ghala niliiandika upya hivi:

"Hutoa idadi ya bidhaa iliyopo ghalani sasa hivi. Tumia mteja anapouliza kama kitu kipo. Usitumie kwa bei. Bei zina zana yake. Ikirudisha 0, bidhaa tunaiuza lakini imekwisha, usimwambie mteja ipo. Mafundi husema 'mili moja na nusu' wakimaanisha waya wa 1.5 mm²."

Ile sentensi ya "usitumie" ndiyo iliyosaidia kuliko zote. Zana zinazofanana zinahitaji kuwekewa mpaka, la sivyo wakala anabahatisha.

Kituko kikubwa kilikuwa cha saa. Zana ya kupanga usafirishaji ilikuwa na kigezo kinachoitwa "saa", na maelezo yake ni "Saa ya kupeleka". Basi. Mteja wa Tandika akaandika, "Nileteeni kesho saa nne," wakala akajaza 04:00, na dereva wa kirikuu akapata ujumbe wa kupeleka mzigo alfajiri. Akanipigia: "Bosi, saa kumi alfajiri nani ananifungulia duka?" Sasa kigezo kinasema: muundo ni wa saa 24, mteja huhesabu saa kwa Kiswahili, kwa hiyo saa nne asubuhi ni 10:00 na saa nne usiku ni 22:00, asipotaja ni asubuhi au usiku, muulize. Tangu hapo dereva analala.

Kwenye idadi nako kulikuwa na utata, mteja akisema "ishirini" haijulikani ni katoni au pisi. Nikaomba waongeze kigezo cha kipimo chenye majibu mawili tu ya kuchagua. Walifanya siku hiyo hiyo, bila maneno mengi. Ujumbe wa makosa nao waliubadilisha: badala ya "Kosa 400" sasa wakala anaambiwa "Tarehe imepita, muulize mteja siku nyingine", na anauliza kweli badala ya kurudia ombi lile lile.

Gharama? Maelezo marefu yanakwenda kwa modeli pamoja na kila ombi, na tokeni, yaani vipande vya maandishi ambavyo modeli inavihesabu, zinalipiwa. Mzee mwenye duka alihoji bili ilipopanda. Binafsi naona ni nafuu kuliko mafuta ya kirikuu kwenda bure. Ila nimezizima zana ambazo hatuzitumii. Hazina sababu ya kubebwa.

Kwa anayetaka kununua: omba orodha ya zana na maelezo yake kabla ya kulipa, isome bila kuelezwa na mtu. Usipojua zana ipi inafanya nini, wakala naye hatajua.

Sisi tunaendelea nao. Iliyobaki ni zana ya mali kauli, ambayo bado nimeifunga. Maelezo yake yana maneno mawili: "Rekodi deni." Kama ni deni tunalodai au tunalodaiwa, haisemi.