Bawaba na komeo za mlango Lamu: shaba au stenlesi?

Kila anaekarabati nyumba huku Lamu huuliza hili, bawaba na komeo tueke za shaba ya manjano (brass) ama stenlesi (stainless steel), na mi nasema inategemea mlango uko wapi na nani ataushughulikia. Shaba haishiki kutu, ikififia unasugua na ukwaju au ndimu na majivu inang'aa kama mpya, lakini ukiiacha inapata ukijani. Stenlesi haitaki kazi hiyo, ila ile ya daraja la 304 upepo wa chumvi unaitia madoa ya kahawia, ya daraja la 316 ndo inahimili zaidi kwa vile imechanganywa na metali ya molibdenamu, na bei yake iko juu kuliko 304.

Tafadhali sana, nenda dukani na sumaku! Ikinasa, hiyo si shaba, ni chuma kimepakwa tu. Mi nilinunua bila kupima, mwaka haujaisha bawaba zote zimeliwa.

Mlango wa nakshi na wenyewe mnakaa hapo, eka shaba. Nyumba ya kupangisha Shela inayofungwa miezi, eka stenlesi ya 316. Kwa jahazi, chini ya maji shaba hii ya manjano usiitie kabisa, bahari inatoa zinki yake, inabaki nyekundu nyekundu na inavunjika.