Belgrave Road, Leicester: maduka ya vyakula yanayomfaa aliyekumbuka nyumbani

Mtu anayehamia Uingereza kutoka Afrika Mashariki, awe mwanafunzi, muuguzi au aliyemfuata mwenzi wake, huambiwa mapema ajiandae kwa baridi. Ni wachache wanaoambiwa kuhusu giza la Desemba, jua linapozama kabla ya saa kumi jioni, au kuhusu jiko la nyumba ya kupanga ambalo halina harufu hata moja unayoifahamu. Hamu ya nyumbani hukaa puani na tumboni zaidi kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri, na ndiyo maana nimeona nitathmini maduka ya vyakula ya barabara moja, Belgrave Road mjini Leicester, kwa kipimo kimoja tu: yanamsaidia kiasi gani mtu wa kwetu aliyelemewa na ugeni. Kwa maoni yangu yanasaidia kuliko kitu kingine chochote nilichokijaribu katika mji huu, na sababu si bidhaa peke yake.

Barabara hiyo iko kaskazini mwa katikati ya mji, mahali panapofikika kwa miguu bila taabu, na ukiendelea nayo hubadilika jina ikawa Melton Road. Wenyeji huiita Golden Mile. Pande zote mbili kuna maduka ya sari, ya vito vya dhahabu na ya halua na vitamu vingine vya Kihindi, na katikati yake yamo maduka ya vyakula yanayopanga masanduku ya mboga hadi nje ya mlango. Wenye maduka wengi ni Wagujarati, na si wachache miongoni mwao ambao wao wenyewe au wazazi wao walizaliwa Kampala, Jinja, Kisumu, Nairobi, Mwanza au Dar es Salaam. Kutoka Kenya wengi walihama mwaka 1967 na 1968. Kutoka Tanzania wengine waliondoka baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971. Na kutoka Uganda walifukuzwa, baada ya Idi Amin kutangaza mwezi Agosti 1972 kwamba Waasia wawe wameondoka ndani ya siku 90. Zaidi ya 27,000 kati yao walipokewa Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilifikia hatua ya kuweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba mwaka huohuo, ikiwasihi wasielekee huko. Walielekea huko hata hivyo, na muhogo tunaoununua leo upo rafuni kwa sababu wao walishindwa kuishi bila muhogo.

Nianze na muhogo basi, kwa kuwa ndio unaowaleta wengi wetu hapa. Muhogo mbichi unaouzwa Uingereza huwa umepakwa nta, kwa sababu mzizi huu huanza kuoza siku mbili tatu tu baada ya kung'olewa na usingeweza kuvuka bahari bila kinga. Kwa nje yote hufanana: ya kahawia, inayong'aa, haina harufu. Ukitaka kujua ulio mzima, sharti uvunjwe. Katika duka moja ninalolipenda, mzee anayekaa karibu na mzani hangoji aombwe. Nilimwamkia shikamoo, akatua kalamu yake, akanitazama, akajibu marahaba kwa sauti ya mtu aliyeizoea, kisha akaniuliza, "Ya kuchemsha ama ya kukaanga, binti?" Nilipomwambia wa kuchemsha, akachagua mzizi mfupi mnene badala ya mrefu niliokuwa nimeushika, akaukata ncha kwa kisu kidogo, akanionyesha ndani: nyama nyeupe, haina mstari mweusi wala doa la buluu. "Hii mzuri," akasema, na ule mrefu akaurudisha sandukuni. Sijapata kuhudumiwa hivyo katika duka lolote kubwa la nchi hii, ambako muhogo, ukiwepo, huwekwa kando ya matunda ya ajabu na hakuna anayejua unaliwaje.

Hata hivyo, ushauri wangu kwa mgeni ni anunue muhogo wa kugandishwa. Najua utaonekana ushauri wa kukatisha tamaa. Muhogo mbichi uliopakwa nta unaweza kuwa umekaa njiani na dukani kwa majuma, ilhali ule wa kwenye friza huwa umemenywa na kugandishwa ungali mzima, na ukiutia moja kwa moja katika maji yanayochemka yenye chumvi huiva na kupasuka vizuri, ukabaki kuutoa ule uzi wa katikati na kuutia tui. Paketi ya kilo moja ni nafuu kuliko sahani ya samaki na chipsi, na inawatosha watu watatu.

Unga unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi hupoteza pesa. Paketi iliyoandikwa "cornflour" katika maduka ya Uingereza si unga wa mahindi tunaoujua. Ni wanga mtupu wa kuongezea uzito mchuzi, na ukijaribu kuusonga hupati ugali bali ute. Unga wa njano unaouzwa katika maduka haya kwa ajili ya mikate ya mahindi ya Kipunjabi nao haufai, maana una ladha nyingine kabisa. Tafuta unga mweupe ulioandikwa "maize meal", na ukiwa na shaka mwambie muuzaji kwamba unataka wa ugali. Katika barabara hii ataelewa. Huo mweupe unakaribia sembe ya nyumbani, ingawa mimi huuona mkavu kidogo na huongeza maji kuliko kawaida. Dona sijaliona, na anayelizoea atalikosa.

Nazi iko ya aina tatu. Ya kopo ni rahisi lakini nyingi hutiwa vitu vya kuizuia isijitenge, hivyo hupati tui jepesi na tui zito, unapata kitu kimoja kizito tangu mwanzo hadi mwisho. Nazi nzima zipo, na mbuzi ya kukunia sijui nani aliyekuja nayo katika sanduku lake. Bora ni ile iliyokunwa na kugandishwa, ambayo ukiimwagia maji ya moto na kuikamua katika chujio hutoa tui la kwanza, la pili, na hata la tatu kwa mwenye subira. Mbaazi zipo kavu na zipo mbichi za kugandishwa. Choroko, kunde, dengu, ukwaju, bamia, ndizi mbichi na pilipili hazina haja ya maelezo. Mchicha hupatikana kwa mafungu wakati wa joto, kwa kuwa Wagujarati nao huula. Matoke huja kwa vipindi, na kwa kuwa husafiri kwa ndege kutoka Uganda, bei yake si ya kila wiki. Viungo vya pilau ni vingi na ni vibichi kuliko nilivyozoea hata Tanga, na hapo sina zaidi la kusema.

Jambo ambalo sikulitarajia kabla ya kuanza kununua vitu hivi ni yale vinavyoyafanya kwa simu za nyumbani. Anayeishi ughaibuni anajua jinsi mazungumzo hayo yanavyokauka baada ya miezi michache. Hujambo, sijambo, baridi vipi, kazi vipi, wasalimie. Kila upande unaogopa kumtia mwenzake wasiwasi, basi hakuna anayesema lolote. Lakini mtu akiwa na mbaazi jikoni ana jambo la kuuliza. Mama yangu, ambaye kwa simu hujibu kwa maneno mawili, alinieleza kwa muda mrefu kwa nini mbaazi zichemshwe kwa maji matupu hadi ziive ndipo litiwe tui jepesi, na kwa nini tui zito lingoje hadi mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mwiko usiache kuzunguka ili lisikatike. Aliniuliza nazi ya hapa ikoje. Aliniuliza nani nitakula naye. Ukweli ni kwamba hadi siku ile hapakuwa na mtu, na swali lake ndilo lililonifanya niwaalike wenzangu wawili wa kazini, mmoja wa Eldoret na mwingine wa Kerala, kusini mwa India, ambaye aliitambua mbaazi ya nazi kabla hajaambiwa ni nini.

Kwa hiyo ninapoyasifu maduka haya kama dawa ya upweke, nayasifu kwa sababu yanauza vitu visivyoiva vyenyewe. Chakula kilichopikwa tayari unakula peke yako mbele ya televisheni na hamu inarudi kabla hujaosha sahani. Muhogo na mbaazi vinadai saa mbili za kusimama jikoni, vinadai ushauri wa mtu, na kwa kawaida hutoka vingi kuliko anavyoweza kula mtu mmoja.

Asiye na jiko, au mwanafunzi anayegombea jiko moja na watu sita, asivunjike moyo. Mikahawa ya barabara hiihii huuza muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, kachori, na bhajia za viazi vilivyokatwa vyembamba na kuchovywa katika unga wa dengu, zenye chatini ya nazi, kama zile za Upanga au Ngara. Muhogo wa kukaanga hutofautiana sana: sehemu nyingine huja mkavu kama kuni, kwa hiyo uliza kama umechemshwa kwanza kabla ya kukaangwa.

Upungufu upo, na mgeni aujue mapema asije akafunga safari bure. Wenye maduka wengi hapa ni Wahindu wasiokula nyama, hivyo dagaa, nguru mkavu, samaki wa kupaka na nyama ya mchuzi hutavipata kwa wengi wao. Kwa hayo nenda mtaa wa Highfields, kwenye maduka ya nyama halali, au Narborough Road upande wa magharibi, barabara ambayo watafiti wa London School of Economics walikuta wenye maduka waliozaliwa katika nchi zaidi ya 20. Huko ndiko kuliko na kisamvu cha kugandishwa, kilichotwangwa tayari, ambacho Wakongo hukiita sombe au pondu. Tena si kila duka la Belgrave Road lina uangalifu: katika moja niliuziwa unga ambao tarehe yake ilikuwa imepita, na nilipourudisha nilijibiwa kwa mkato. Tazama tarehe kabla hujalipa.

Kuna jambo jingine linalohitaji adabu. Usidhani kila mwenye duka atafurahi kusikia Kiswahili. Vijana wengi waliozaliwa Leicester hawakijui, na baadhi ya wazee wanakijua lakini hawapendi kukumbushwa. Kwetu mtu anahama kwa tikiti aliyoinunua mwenyewe, na nyumbani kwao bado kuna chumba chake. Wao waliondoka na masanduku machache, wakaacha nyumba, maduka na makaburi ya wazee wao, na ingawa baadaye serikali ya Museveni iliwakaribisha warudi na kuwarudishia mali zao, wengi walikuwa wamekwisha kuota mizizi mahali pengine. Nasi pia tunazo kumbukumbu zetu za jinsi babu zetu walivyosimama ng'ambo ya kaunta, wakaitwa "boi" na watu wa umri wa watoto wao. Hayo yote yamo dukani mnaposalimiana, na haifai kuyapuuza. Ninachofanya mimi ni kuamkia kwa heshima, kununua, na kumwachia mzee aamue kama anataka kuzungumza. Mara nyingi anataka. Huuliza mvua zimekuwaje mwaka huu, ziwa limejaa, mji fulani sasa una taa za barabarani? Nimegundua kwamba kumjibu mtu anayeikumbuka Jinja ya mwaka 1970 hunipunguzia mzigo wangu mwenyewe zaidi kuliko kulalamika kwa mtu anayeniambia nitazoea tu.

Kwa yote hayo nayapa maduka haya alama za juu kabisa kwa muhogo, nazi, jamii ya kunde na ukarimu wa wazee wake, alama za wastani kwa unga, na sina alama ya kutoa kwa samaki. Anayefika Leicester kwa masomo mwezi Septemba aende mapema, kabla saa hazijarudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, ili giza likianza friza yake iwe imejaa na awe ameshajulikana kwa sura angalau katika duka moja. Majuma ya Diwali barabara hufurika watu na taa, inapendeza sana, lakini si siku ya kufanya manunuzi. Maduka mengi hufunguliwa hata Jumapili, na anayeishi Nottingham hufika kwa treni katika muda wa nusu saa hivi. Achukue mfuko wenye magurudumu, kwa sababu kilo kumi za unga hazibebeki mkononi hadi stesheni.