Kozi ya Kilatini mtandaoni: nyota mbili, na moja ni ya huruma

Nianze na kilichoniudhi. Kipindi cha tatu au cha nne hivi, mwalimu aliandika Agricolam puella videt, akauliza nani anaona. Nikajibu bila wasiwasi: mkulima, si ndiye aliyetangulia? Akacheka, kile kicheko cha puani. "Ndugu, hapa hatusomi gazeti la Kiswahili." Nikataka kuuliza, nakuta maikrofoni yangu imezimwa. Ada nimelipa yote kwa mkupuo, halafu nazimwa kama redio!

Na kosa langu lilikuwa lake. Hakuwa ametuambia kwamba Kilatini hakijali nani katangulia. Ile m mwishoni mwa agricolam ndiyo inayosema huyu anaonwa. Puella hana m, basi ndiye anayeona. Andika Puella agricolam videt, andika Videt puella agricolam, bado ni msichana anamwona mkulima. Hilo niliking'amua mwenyewe usiku, na daftari, nimenuna. Dakika mbili za maelezo zingetosha.

Halafu kila kitu lazima kipite kwenye Kiingereza. Kipindi kizima kiliishia kwenye "the", ati ajabu, Kilatini hakina! Kwani Kiswahili kinayo? Ati "I love" ni maneno mawili lakini amo ni neno moja. Mwalimu, sisi tunasema napenda, neno moja, tangu tunanyonya. Amo napenda, amas unapenda, amat anapenda, amant wanapenda: wao mtenda wanamweka mkiani, sisi kichwani. Darasa zima ni Waswahili, nani katutuma kwenda Roma kwa kupitia London?

Haya, nisimdhulumu. Jumapili moja baadaye niko kwaya, tunaimba Sanctus, ule wimbo wa Mtakatifu kwenye misa, ambayo nimeiimba kama kasuku tangu utotoni. Tukafika pleni sunt caeli et terra gloria tua, nikanyamaza katikati ya besi. Mbingu na dunia ndizo zilizojaa; gloria, utukufu, hapo hatendi chochote, ni kile zilichojaa. Kwa macho ni gloria ileile ya mtenda, ila a yake ya mwisho ni ndefu, vitabu vya wanafunzi huiwekea kistari juu. Miaka yote hiyo nilikuwa naimba sentensi bila kujua! Jirani akanipiga kiwiko, maana nilikuwa karibu kulia.

Sasa hiyo ni kazi ya yule mwalimu? Nusu, labda. Nilishafikia kuweka nyota tatu, nikakikumbuka kile kicheko. Mbili. Na ombi langu la kurudishiwa hela mpaka leo halijajibiwa, kwa hiyo hata ya pili nina mashaka nayo.

Kesho saa mbili usiku kuna kipindi. Nitaingia, ada imeshaliwa. Nimemwandalia swali: kama maneno ya -a ni ya kike, mbona tunasema agricola bonus, mkulima mwema, kwa umbo la kiume, na si bona la kike? Akinizimia maikrofoni nitaliandika, tena kwa herufi kubwa.